Selo Iliyokuja Bila Kiti

Kila jioni Stefano alipotoka karakana, mambo yalikuwa yale yale. Ataoga. Atakunywa chai, kama sukari ipo. Kisha ataingia chumbani na kutoka na dude lake, amelikumbatia kwa mikono miwili.

Dude lenyewe ni selo. Selo ni fidla kubwa. Mpigaji hukaa, akaiweka mbele yake kati ya miguu, akazisugua nyuzi kwa upinde. Sauti yake ni nzito, kama ya mtu mzima anayeimba peke yake. Majirani wa Nachingwea walikwisha kuizoea. Hawa ni watu walioona matrekta ya shamba kubwa la karanga la Waingereza yakiingia kwa mbwembwe, kisha wakayaona yamelala majanini yanaota kutu. Fidla ingewashangaza nini?

Klementina, mke wa Stefano, aliipenda sauti ile. Kilichomkosesha raha ni uso wa mumewe. Stefano akipiga, meno ameyauma, mabega yamepanda mpaka masikioni, jasho linamtoka. Ungedhani anang'oa kisiki.

"Baba Filbert," alimwambia siku moja, "hiyo ni starehe au ni adhabu?"

"Niache nijifunze, Mama Filbert. Harusi imekaribia."

Basi hapo Klementina alirudi jikoni, maana harusi ile ilikuwa jambo kubwa.

Paskalina, binti wa Josephina, alikuwa anaolewa kule Likunja, upande wa Ruangwa. Josephina ni dada yake Stefano, tumbo moja. Na kwa watu wa huku, mpwa ni wa mjomba. Posa haipokelewi mpaka mjomba aitikie. Siku ya harusi watu humtazama mjomba kabla hawajamtazama bwana harusi. Stefano, kwa furaha, alikuwa ametamka mbele ya wazee kwamba ataipiga selo yake watu wacheze. Josephina akalitangaza neno hilo kijiji kizima, na vijiji vya jirani pia, maana mdomo anao.

Selo yenyewe aliipata kwa Mzungu mmoja, fundi wa mitambo wa shamba lile. Ubao wake wa mgongoni ulipasuka kwa joto, na Stefano, ambaye ni seremala, akauunga vizuri kwa gundi. Mzungu alifurahi. Akaanza kumfundisha kupiga, sebuleni kwake, kwenye sakafu ya saruji, juu ya kiti kizuri cha mbao. Shamba la karanga lilipokufa, Mzungu alifunga mizigo akaenda zake. Selo alimwachia Stefano. Viti aliviuza.

Kwa hiyo selo ilikuja bila kiti.

Nyumbani kwa Stefano kulikuwa na vigoda, vile vifupi vya kukalia jikoni. Akakaa kwenye kigoda. Tena selo ina mguu wa chuma chini yake, mwembamba, wa kuisimamisha. Kwenye sakafu ya udongo mguu ule ulichimba shimo, ukateleza, ukachimba lingine. Klementina akalalamika. Stefano akausukuma mguu wote ndani, akaibana selo kwa mapaja. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Kwao Likunja ngoma hubanwa hivyo, na yeye ngoma alibana tangu hajaota meno ya pili.

Ilikuwa mwaka 1953, mavuno yamekwisha, watu wana nafasi. Jumapili moja Stefano alikuwa uani anatengeneza mlango wa kibanda cha kuku. Klementina alikuwa karibu naye, anapepeta mtama. Alipoinua macho aliona ubao ni mwekundu.

"Baba Filbert! Damu!"

"Damu gani?"

"Mkononi mwako!"

Stefano akatazama. Patasi ilikuwa imemchana kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na damu ilikuwa inadondoka juu ya ubao. Yeye alikuwa anaendelea kugonga.

"Hukusikia maumivu?"

"Nimesikia kidogo."

"Muongo wewe! Kama ulisikia, mbona hukuacha?"

Stefano akaiacha nyundo. Akakaa chini, akauangalia mkono ule kama mali ya mtu mwingine. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Vidole viwili hivi vina ganzi. Asubuhi mkono wote unachelewa kuamka. Nilidhani ni uchovu, utapita."

Klementina aliweka ungo chini. Seremala bila mkono wa kushoto atashika nini? Randa inataka mikono miwili. Msumeno unataka mmoja ukate na mwingine ushikilie. Chakula chote cha nyumba ile kilitoka katika mikono ile.

Walikwenda zahanati. Dresa aliosha kidonda, akakifunga. Kisha akavigusa vile vidole kimoja kimoja, akamwambia Stefano avikunje na kuvikunjua.

"Mbali na useremala, mkono huu unaufanyisha kazi gani?"

 Klementina ndiye aliyejibu. Alieleza selo, kigoda, mapaja, mabega, yote.

"Sikiliza, fundi," alisema dresa. "Ganzi si uchovu. Ganzi ni onyo. Kuna mshipa wa fahamu umebanwa mahali. Ukiuachia mapema, utapona. Ukiendelea kuubana, vidole vinaweza kulegea visirudi tena. Upumzishe mkono. Usipoona nafuu, rudi hapa, nikuandikie uende hospitali kubwa."

"Na harusi ya mpwa wangu?"

"Harusi siijui, wala fidla siijui. Lakini mtaa wa juu kule yupo Mzee Fidelis. Alikuwa bendi ya polisi Dar es Salaam. Yeye alipiga vitu hivyo. Muulizeni."

Njiani Stefano alitangulia mbele, haraka. Walipofika nyumbani akaingia chumbani, akatoka na selo. Bandeji bado mbichi.

"Unafanya nini?" aliuliza Klementina.

"Napiga."

"Si umesikia aliyosema dresa?"

"Nimesikia. Na Josephina naye watu wamemsikia. Unataka nisimame mbele ya wazee wa Likunja niseme nini? Kwamba mjomba amechoka?"

Akakaa kwenye kigoda, akaibana selo. Alipiga mstari mmoja. Kidole kilikosa uzi. Akarudia. Kikakosa tena. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira na hofu, na Klementina alishindwa kuutazama.

Stefano aliposimama kwenda kunywa maji mtungini, aliuacha upinde juu ya kigoda. Klementina hakufikiri mara mbili. Aliuchukua, akauzungushia kanga, akatoka mbio. Alipita nyumba za watu bila salamu, jambo ambalo kwake si la kawaida. Nyuma yake alisikia, "Mama Filbert! We, Mama Filbert!" Hakugeuka.

Mzee Fidelis alikuwa barazani kwake anabangua korosho. Alimwona mwanamke anakuja anahema, ameshika kitu kirefu ndani ya kanga.

"Shikamoo, baba. Nihifadhie hiki; mume wangu mkono una ganzi, hataki kuupumzisha."

"Marahaba, mwanangu. Ni nini, bunduki?"

Kabla hajajibu, Stefano alifika. Jasho linamtiririka. "Shikamoo, mzee. Naomba mali yangu."

Mzee Fidelis aliifungua kanga polepole. Ndani akaukuta upinde. Kisha akauinua kwa mkono wa kulia, na Klementina akaona kwamba mkono ule ulikuwa na kasoro. Vidole vitatu vilikuwa vimejikunja ndani, havikunjuki. Alikuwa anaushikilia upinde kwa dole gumba na kidole cha shahada tu.

"Umevikata?" aliuliza Stefano. Hasira ilikuwa imeanza kumtoka.

"Sikuvikata. Nilivipigisha fidla mpaka vikakataa. Kwanza vilifanya ganzi. Mkubwa wa bendi aliniambia nipumzike. Nikaona aibu, wenzangu wangesema mimi legelege. Nikawa nauma meno napiga. Sasa kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili, kama mtoto." Akamgeukia Klementina. "Ni mkono gani?"

"Wa kushoto," alisema Klementina, machozi yakimlengalenga. "Vidole viwili."

"Tangu lini?"

Klementina akamtazama mumewe. Stefano aliinamisha kichwa. "Tangu mavuno," alisema.

"Bado mapema," alisema Mzee Fidelis. "Kesho nitakuja kwenu. Upinde utalala hapa."

Kesho yake alikuja kweli. Alimwambia Stefano akae kama anavyokaa siku zote, bila kupiga. Stefano akakaa. Mzee akazunguka, akatazama, akaguna.

"Yule Mzungu wako alikuwa anakaa kwenye kigoda?"

"Hapana. Kwenye kiti."

"Basi wewe umebeba selo ukaacha kiti. Angalia magoti yako yalipo. Yamepanda juu ya kiuno. Kwa hiyo mgongo umekunjika. Mgongo ukikunjika, kifua kinaziba, mabega yanapanda. Bega likipanda, mkono unaning'inia kutoka juu badala ya kutulia. Kidole unachokilaumu hakina kosa. Kosa limeanzia makalioni."

Klementina alicheka bila kutaka. Stefano hakucheka.

"Na mapaja, kwa nini unayabana hivyo?"

"Nikiachia itaanguka, mzee."

"Unaibana kama ngoma. Ngoma unaipiga, inaruka, lazima uibane. Selo haipigwi, inasuguliwa. Inataka kuegemea tu. Igusane na kifua chako kidogo, magoti yaiguse pembeni, na mguu wake wa chuma uwe ndio unaobeba uzito. Mguu uko wapi?"

"Ndani. Unaharibu sakafu."

"Wewe ni seremala au mpika maandazi? Sakafu inakushinda?"

Hapo Stefano alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Jambo la mbao halikuhitaji kuelezwa mara ya pili. Lakini Mzee Fidelis alimkataza kushika randa mpaka ganzi ipungue. Karakana walimpa kazi ya kupanga mbao na kuwaelekeza wenzake. Nyumbani alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Kila asubuhi Klementina alimuuliza, "Leo je?" Kila asubuhi alijibu, "Bado." Na harusi ilikuwa inakuja, haimngoji mtu. Josephina alituma salamu kwamba watu wa kijiji cha Nambilanje nao watakuja kusikiliza. Klementina aliposikia salamu hizo, usingizi ulimpaa.

Asubuhi moja Stefano aliamka akasema, "Kinawasha." Kidole kidogo kilikuwa kinawasha kwenye kovu; fahamu zilikuwa zinarudi. Klementina alikwenda nyuma ya nyumba akalia kidogo, kisha akarudi kuchochea moto.

Polepole, Stefano alitengeneza kiti. Kilikuwa kigumu, hakina mto, hakina mikono. Mzee Fidelis alimpima kwa macho. Akikaa karibu na ukingo, nyayo zote mbili zilale chini, na magoti yawe chini kidogo ya kiuno. Kisha Stefano akachonga kibao kirefu, akatoboa tundu dogo mwisho wake. Akakifunga kibao kwa kamba kwenye mguu wa kiti. Mguu wa chuma wa selo ukaingia tunduni, ukatulia. Hakuna kuteleza, hakuna kuchimba sakafu.

Mzee Fidelis alirudisha upinde.

"Kaa. Mgongo wima, lakini si kama askari wa gwaride. Sasa pandisha mabega mpaka masikioni, uyaachie yaanguke. Hapo yalipoangukia ndipo mahali pake. Leta selo kwako, usiifuate wewe. Shingo yake ipite kando ya sikio lako la kushoto, isikusukume kichwa."

Stefano alifanya.

"Kifundo cha mkono usikivunje. Kiwe kimenyooka na mkono. Sasa bonyeza uzi, kisha toa dole gumba nyuma ya shingo ya selo."

"Nitoe dole gumba? Nitashikaje?"

"Usishike. Acha uzito wa mkono uangukie kwenye uzi. Dole gumba ni mgeni, linakaa tu."

Stefano alitoa dole gumba. Akavuta upinde. Sauti ilitoka pana na safi, na Klementina, aliyekuwa mlangoni, aliona kitu alichokuwa hajawahi kukiona: meno ya mumewe hayakuumana.

"Tena," alisema Stefano.

"Hapana. Inatosha," alisema mzee.

"Ndiyo kwanza naanza!"

"Ndiyo maana inatosha. Leo kidogo. Kesho kidogo zaidi. Kabla ya kupiga, zungusha mabega, kunja na kunjua vidole vipate moto. Katikati ya kupiga, weka upinde chini, simama, tembea. Na ukisikia maumivu au ganzi, acha pale pale. Usimalize wimbo. Umenisikia? Hata kama wimbo umebaki kidogo, usiumalize."

Siku ilifika. Walisafiri kwa lori la mihogo mpaka Ruangwa, selo imelazwa juu ya godoro, kiti kimefungwa kando yake na kibao kikining'inia. Watu waliwacheka njia nzima. Mjomba anakwenda harusini na kiti chake, Likunja hakuna viti? Stefano alicheka nao. Klementina alikuwa haoni cha kuchekesha. Alijua kwao Likunja mpigaji haachi wachezaji uwanjani. Akiacha, ataimbwa kwa kejeli mwaka mzima.

Uwanja ulijaa. Wapiga ngoma walikuwa wanazipasha ngoma zao motoni ngozi zikaze. Mkubwa wao alikuwa Yunusi, mwanamume mwenye kifua kipana na utani mwingi. Stefano aliweka kiti, akakaa, akashusha mabega, akaanza. Selo ikaimba wimbo wa kumtoa bibi harusi ndani. Ngoma zikaingia taratibu chini yake. Paskalina akatoka na shangazi zake, na watu wakapiga vigelegele mpaka ndege wakaruka. Josephina alikuwa anazunguka uwanja na kitambaa, anasema, "Huyo ndiye kaka yangu! Huyo!"

Walicheza. Wimbo ukarudiwa, ukarudiwa tena. Ngoma zikakaza mwendo. Klementina alikuwa amesimama karibu, hatazami wachezaji. Anatazama mabega. Akayaona yanaanza kupanda. Kisha taya likakaza.  Alitaka kupiga kelele, lakini ungepigaje kelele mbele ya ukoo mzima?

Ghafla Stefano akainua upinde. Wimbo ukakatika katikati.

Ngoma nazo zikapotea njia, zikanyamaza moja moja. Wachezaji wakasimama na miguu hewani. Watu wote walimtazama mjomba.

"Kuna nini?" aliuliza mzee mmoja.

"Mkono umechoka," alisema Stefano. "Naupumzisha. Nitarudi."

Yunusi aliangua kicheko. "Jamani! Mmeona wapi mpigaji anachoka kabla ya wachezaji? Fundi, mkono wako wa mbao laini?"

Watu walicheka. Josephina alikuja mbio, uso umemwiva. "Stefano! Unaniaibisha mbele za watu! Kaa upige!"

Klementina alisogea karibu na kiti. Hiyo ndiyo aibu ambayo mumewe aliikimbia miezi yote ile, na sasa ilikuwa mbele yake, inamkenulia meno.

Stefano alisimama, akajinyoosha mgongo, akakunjua vidole polepole. "Dada," alisema kwa utulivu, "leo ninakupigia wewe. Kesho kutwa mkono huu unalisha watoto wangu. Nimekuja nao mzima, nitaondoka nao mzima. Watilie wageni pombe. Nikitembea kidogo nitarudi."

Akatembea kweli, akazunguka nyumba. Wageni wakanywa, wakanong'ona, wakazoea. Aliporudi kwenye kiti, mabega yalikuwa yametulia. Alipiga wimbo mwingine, mtamu kuliko wa kwanza, kisha akapumzika tena. Mara ya tatu hakuna aliyeuliza. Josephina mwenyewe ndiye aliyesema, "Mwacheni kaka yangu apumue," kwa sauti ya mtu aliyebuni jambo hilo yeye.

Asubuhi, Klementina na Stefano walikuwa wanafunga mizigo nyuma ya nyumba. Yunusi akaja peke yake. Hakuwa na utani. Alisimama akitazama kile kiti, akikwepa macho yao.

"Fundi," alisema, "jana nilikucheka."

"Ulicheka ndiyo. Harusini watu wanacheka."

Yunusi alitazama kulia na kushoto. Kisha akanyoosha mikono yake miwili mbele. Ilikuwa imevimba, na vidole vilitetemeka.

"Asubuhi mikono hii haifumbi," alisema. "Shati mke wangu ndiye anayenifunga vifungo. Sijamwambia mtu."

Klementina alisahau mizigo. Aliitazama mikono ile mikubwa, akakumbuka hofu yake yote. "Ni tangu lini, kaka yangu?" aliuliza.

"Siku nyingi, shemeji. Mpigaji atamwambia nani?"

Lori lilikuwa limeshaanza kunguruma barabarani. Stefano alilipungia mkono lisubiri. Akaikata kamba aliyokuwa amefungia mizigo, akakishusha kiti chini.

"Zahanati utakwenda leo, mkono kama huo hauchezewi," alisema. "Lakini kwanza kalete ngoma yako. Ukae hapa nione unavyoishika."